Kilichotafuna Wimbo wa Shemeji

Haya ninayoandika hamtayaamini, na wala siwalaumu, maana nikianza kuyasimulia kwa mdomo hata mke wangu huinuka akaenda kuangalia kama maji yamechemka. Lakini safari hii ninao ushahidi. Uko ndani ya kompyuta, na kompyuta iko mezani kwa mpwa wangu, hatua mbili kutoka kwenye kiti nilichokalia. Asiyeamini aje aangalie. Asiyeweza kuja aniamini tu, hatapungukiwa na kitu.

Mpwa wangu huyo ni binti wa dada yangu mkubwa, na mtaa mzima unamwita Bisibisi. Jina la vyeti analo, ila ukiliulizia hapa utaambiwa hakuna mtu kama huyo. La Bisibisi nilimpa mimi. Mambo mengi mazuri katika familia hii nimeyaanzisha mimi, ingawa hamtasikia nikitajwa.

Ana chumba kimoja cha kazi, kati ya kinyozi na fundi cherehani. Mlangoni amebandika karatasi: TUNAHAMISHA KANDA ZA VIDEO KWENDA KWENYE KOMPYUTA. USIZICHEZE KWANZA NYUMBANI. Hilo la mwisho amelipigia mistari miwili chini. Ndani kuna deki nne zilizopangwa juu ya meza ndefu, zote zimevuliwa vifuniko, matumbo nje, na nyaya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, zinazoingia kwenye kidude cheusi kisichozidi kiberiti. Kidude hicho ndicho kinachopokea picha za zamani na kuipa kompyuta. Deki ya tano iko peke yake kwenye rafu ya juu, imefunikwa kitambaa safi kama mtoto aliyelala. Hiyo ishikeni kichwani, nitairudia.

Watu huja na kanda zao kwenye mifuko ya plastiki, kwenye maboksi ya viatu, na mama mmoja alikuja nazo ndani ya sufuria na mfuniko wake. Bisibisi hazitii kwenye deki. Kwanza anainusa kanda, kama mtu anayenunua samaki. Halafu anaitikisa sikioni. Halafu anafungua skrubu tano za mgongoni, anaiweka wazi chini ya taa, anainama na kuitazama mpaka mwenye kanda aanze kuwa na wasiwasi, kama mtu aliyempeleka mwanawe kwa daktari asiyesema.

"Dada, mimi nina haraka," bwana mmoja alimwambia siku moja. "Nina saa moja tu."

"Kanda yako ni ya saa tatu."

"Ndiyo, lakini kompyuta si ina mbio?"

"Kompyuta ina mbio, kanda haina. Saa tatu zake ni saa tatu zako. Nenda zako, ukirudi baada ya saa moja utakuta zimebaki mbili."

Ndivyo alivyo. Mpole, lakini hasukumwi. Hata mimi niliyembeba mgongoni hanisikilizi akiwa amevaa zile hedifoni zake.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye ile deki ya rafuni.

Dada yangu alipoolewa, mpiga video nilikuwa mimi. Kamera nilipewa na ofisi niliyokuwa nikifagia, kwa siku moja, nikaibeba begani kama bunduki, nikapiga harusi nzima. Kanda ile ikawa hazina ya nyumba yao. Shemeji, bwana harusi mwenyewe, alivunja kwa kisu kile kijifuniko kidogo cha mgongoni. Kwa wale waliozaliwa juzi: kanda ya video ina kitundu mgongoni, na kikiwa wazi, deki inakataa kurekodi kitu kingine juu yake. Ukikiziba, hata kwa karatasi, inakubali. Shemeji alikivunja ili harusi yake isiguswe na mtu yeyote.

Ndani ya kanda hiyo kulikuwa na wimbo. Shemeji alikuwa fundi wa kuandika mabango, masikini wa kutupwa, na siku ya harusi alisimama mbele ya watu akamwimbia dada yangu wimbo alioutunga mwenyewe. Bisibisi alipozaliwa na kuanza kutembea, kila Jumapili aliomba awekewe "Baba anaimba". Anacheza mbele ya televisheni, dada anajifunika uso kwa khanga kwa aibu, Shemeji anajifanya anasoma gazeti.

Bisibisi alipofika miaka saba, kanda ikatoweka. Mimi nilikuwa nimeachiwa nyumba, wao wamekwenda kumwangalia mgonjwa. Waliporudi niliwapa habari: deki imeitafuna kanda ya harusi, imeisaga, haitazamiki, nimeitupa. Dada alilia. Halafu akaiangalia ile deki kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona, akaamuru ipelekwe stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Hakutaka kuiona tena sebuleni.

Nawaambia ninyi, maana kwenye kuandika hamnioni uso: deki haikutafuna kitu.

Siku ile kulikuwa na mpira kwenye televisheni, mechi ambayo sikutaka inipite hata mara moja, nilitaka niwe nayo maisha yangu yote. Nikatafuta kanda. Nikachukua ya kwanza iliyonijia mkononi. Deki ikaikataa. Nikaona kitundu kiko wazi, nikachana karatasi mfukoni, nikaikunja, nikakiziba. Deki ikakubali. Sikusoma lebo. Mtu mwenye mpira machoni hasomi. Kipindi cha kwanza kikaendelea, mara umeme ukakatika, pap, kila kitu kimya. Nikawatukana watu wa umeme matusi ambayo siwezi kuyaandika. Umeme uliporudi baada ya saa nzima mpira ulikuwa umekwisha, nikaitoa kanda, na hapo ndipo nilipoisoma lebo, kwa mwandiko wa dada, na ua dogo pembeni.

Sikuthubutu kuicheza nione kilichobaki. Nilijua wimbo ulikuwa mwanzoni. Nikaificha ndani ya shati, nikaenda nayo kwangu, nikaitia chini kabisa ya sanduku la bati, na juu yake nikaweka kila kitu nilichokuwa nacho duniani.

Siku chache baadaye nilimkuta Bisibisi stoo, ameketi sakafuni na bisibisi ya baba yake, ameivua deki kifuniko, mkono wote uko ndani.

"Unafanya nini humo, mama?"

"Natafuta wimbo wa baba. Labda kimebaki kipande."

Nilitoka nje nikaenda kusimama uani. Kurudi, nikafanya mzaha, nikamwita Fundi Bisibisi, naye akacheka, jina likashika. Watu husema nilimpa jina kwa mapenzi. Ni kweli kiasi.

Hakuacha. Alifungua deki ile, akaifunga, akaifungua tena. Akajua kila skrubu. Akaanza kufungua za majirani. Alipomaliza shule aliajiriwa mahali pa kuchapa barua, na kwa mshahara wa kwanza alinunua deki mbovu mbili ili apate vipuri. Kompyuta zilipoenea, akajifunza kuhamisha na kuhariri, akafungua chumba chake. Na deki ya stoo akaiweka rafuni. Watu wakimuuliza kwa nini haitumii, husema, "Hiyo bado sijaujua ugonjwa wake."

Mwaka jana Shemeji alipatwa na kiharusi.

Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka. Huyu ni mtu aliyekuwa akikaa juu ya ngazi anaandika bango la duka, anakusalimia wewe uliye upande wa pili wa barabara, na unamsikia. Likabaki neno moja: basi. Umempa chai: "Basi." Anaumwa wapi: "Basi." Akikasirika: "Basi, basi, basi!" na anapiga meza kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtoka, maana ndani ya kichwa chake anajua anachotaka kusema, na sisi wote tunamtazama kama tunaotazama mlango uliofungwa.

Kuna mama anayetoka hospitali kuja kumfanyisha mazoezi ya kusema, mara mbili kwa wiki. Siku moja alituketisha.

"Mara nyingine," alisema, "mtu aliyepoteza maneno anaweza kuimba. Nyimbo zina mlango wake. Lakini ni vizuri uwe wimbo ulio ndani kabisa, aliouimba mwenyewe. Mnao?"

Tulikuwa tumeshajaribu nyimbo za redioni, za kubembeleza watoto, za ibada. Shemeji alikuwa akitikisa kichwa tu.

"Alikuwa nao mmoja," dada alisema. "Wa harusi. Mimi mwenyewe nakumbuka ulianza na viatu. Basi. Mashine iliula."

Aliposema "basi", Shemeji alimwangalia akacheka, naye dada akacheka, halafu wakaacha kucheka.

Bisibisi alinigeukia mimi. "Mjomba, ile kanda uliitupa wapi hasa?"

"Mbali," nikasema.

"Mbali wapi? Hata kama imesagwa, kipande cha dakika mbili nikikipata kinanitosha."

Nikasema nitajaribu kukumbuka. Wiki ile chakula hakikupita. Mke wangu alidhani ninaumwa tumbo, akanipa dawa ya tumbo, nikainywa, maana ningemwambia nini?

Jumatatu nikalifungua sanduku la bati. Nikaichukua kanda, nikaifuta vumbi, nikaipeleka kwa Bisibisi, na njiani nikatunga uongo mwingine mzuri kuliko wa kwanza.

"Bahati ya ajabu!" nikamwambia hata kabla sijakaa. "Kumbe sikuitupa! Imetafunwa vibaya, lakini ni yenyewe."

Aliipokea kwa mikono miwili. Alikaa nayo hivyo kwa muda, hakuinusa. Halafu akainusa. Akafungua skrubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Akainua kifuniko cha kanda. Utepe ulikuwa umelala kwenye magurudumu yake mawili, mweusi, na pembeni vidoa vyeupe kama umemwagiwa unga.

"Hii ni kuvu," alisema. "Nitaisafisha." Akainamisha taa. "Lakini Mjomba, utepe uliotafunwa huwa na mikunjo kama karatasi ya peremende. Huu haujakunjwa hata mahali pamoja."

"Labda umejinyoosha," nikasema.

Aliigeuza kanda, akachukua kibano, akachokoa kwenye kile kitundu cha mgongoni, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nane. Akakikunjua polepole, akakilaza mezani mbele yangu.

Ulikuwa mwandiko wangu. Orodha ya timu ya mtaa niliyoipanga ujanani: kipa, mabeki, viungo, wote kwa majina yao ya utani, na chini, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: NAMBA KUMI NA KAPTENI, MIMI.

Bisibisi akachukua brashi yake akaendelea kupangusa magurudumu. Alinyamaza kama anavyonyamaza akingoja kanda irudi mwanzo. Mimi nimekaa mbele ya wakubwa, nimekaa mbele ya polisi, sijawahi kusikia kimya kinachouliza kama kile.

Nikasema yote. Mpira, karatasi, umeme, shati, sanduku.

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Halafu akainua macho akatazama rafu ya juu, ile deki iliyofunikwa kitambaa.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, mama."

"Nimeifungua miaka ishirini na sita, Mjomba. Najua kila jino la kila gurudumu lake. Natafuta ugonjwa, siuoni. Nikawa najiona mimi ndiye sijui kazi."

"Lakini tazama," nikasema, "bila ile deki ungeipata wapi kazi hii? Kwa hiyo ukifikiria vizuri, mimi kwa namna fulani ndiye niliye..."

"Mjomba. Usimalize."

Sikumaliza.

"Mama utamwambia wewe," alisema. "Jumamosi, hapa hapa, kabla sijabonyeza kitu."

Siku nne alifanya kazi. Alijifunga kitambaa puani kwa sababu ya ile kuvu, akawa anaupitisha utepe kwa mkono, kidogo kidogo, katikati ya kitambaa laini chenye spiriti, kutoka gurudumu moja kwenda jingine, mita kwa mita. Nilijitolea kuzungusha. Akanipa kiti, akanionyesha mahali pa kukiweka, na palikuwa mbali na meza. Mwisho aliyahamisha magurudumu yote mawili kwenye boksi jipya la kanda, akalifunga skrubu.

"Huu unaweza kukubali kuchezwa mara moja tu," alinieleza. "Tukiucheza, kompyuta inarekodi hapo hapo. Hakuna kujaribu kwanza."

Jumamosi asubuhi Shemeji aliletwa. Kinyozi alitusaidia kumwingiza na kumkalisha, halafu akasahau kuondoka. Dada alikaa karibu na mumewe. Bisibisi aliunganisha nyaya, akavaa hedifoni shingoni, akaweka kidole karibu na kitufe, akanitazama.

Nikasimama. Nikamwambia dada. Mbele ya kinyozi.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. "Mdogo wangu," akasema, "miaka yote hiyo."

"Ndiyo, dada."

"Deki ya watu nikaitupa stoo."

"Ndiyo."

"Na siku ile nikakutengenezea chai ya maziwa kukupa pole, maana ulikuwa unatetemeka."

"Ilikuwa chai nzuri, dada."

Kinyozi akakohoa. Dada akanitazama kutoka juu hadi chini. "Kaa. Ikiisha, nitakuamulia."

Bisibisi akabonyeza.

Chenga kwenye kioo. Halafu uwanja, majani ya kijivu, wachezaji wenye kaptula fupi, na mtangazaji anayepiga kelele. Hakuna harusi. Mpira. Dakika tano, dakika kumi. Ningeomba ardhi inimeze, lakini sakafu ya pale ni ya saruji.

"Peleka mbele basi," kinyozi alisema.

"Siukimbizi," Bisibisi akajibu. "Unaweza kukatika."

Basi tukakaa tukatazama mechi ya miaka ishirini na sita iliyopita. Dada aliangalia dirishani. Dakika ya thelathini mshambuliaji mmoja alipiga shuti likapita nje, na Shemeji akapiga paja: "Basi!" Hiyo ilikuwa basi ya mpira kabisa, kila mtu aliielewa.

"Nani alishinda?" kinyozi akaninong'oneza.

"Nitajuaje? Umeme ulikatika."

Dakika ya arobaini na nne, penalti. Mchezaji akauweka mpira chini, akarudi nyuma hatua nne, akainua kichwa, na kioo kikawa cheupe.

Nilishika kiti. Bisibisi hakuondoa macho kwenye mshale wa sauti. Chenga, chenga. Halafu, sakafu.

Sakafu ya vigae vya rangi mbili, na kiatu cha mtu kikipita.

"Hiyo ni sakafu yangu!" nikapiga kelele. "Ile niliyopiga mimi!"

Maana sikuwaambia jambo moja. Siku ya harusi, baada ya kupiga watu wakiingia, nilikwenda kula nikaisahau kamera ikiwa inarekodi, inaning'inia begani. Nusu saa nzima ilipiga viatu, migongo na miguu ya meza. Miaka yote dada alikuwa akinicheka kwa nusu saa ile. Kumbe wimbo haukuwa mwanzoni. Mwanzoni kulikuwa na watu wakiingia na uzembe wangu, na mpira ulipofuta, ulifuta watu wanaoingia, ukaanza kuufuta na uzembe wangu, ndipo watu wa umeme, Mungu awape maisha marefu, wakakata.

Migongo ikapita, mmoja baada ya mwingine. "Huyo ni shangazi," dada alisema. "Hilo gauni alilishona mwenyewe." Alikuwa ameshaacha kuangalia dirishani.

Kisha kamera ikainuliwa. Shemeji, mwembamba kama brashi yake ya rangi, koti limemzidi mabega, miguuni viatu vyangu, namba mbili zaidi. Akakohoa. Akafungua mdomo.

Na picha ikaondoka. Mistari, chenga, hakuna kitu.

"Simamisha!" nikasema.

"Usiniguse mkono," Bisibisi akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Kichwa cha deki kimechafuka, hicho kinasoma picha tu. Sauti ina njia yake pembeni mwa utepe. Iacheni."

Na kweli. Kutoka kwenye kile kioo chenye chenga, bila uso, bila viatu, ikatoka sauti ya Shemeji.

*Viatu nimeazima, na koti nimeazima,*
*Moyo huu ni wa kwangu, sikuazima kwa mtu.*

Watu wa harusini walicheka na kupiga makofi, na yeye akaurudia. Nilimtazama yule wa kwenye kiti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika goti. Koo lilipanda, likashuka.

"...zima," alisema.

Dada akageuka.

Kwenye kanda aliuanza tena mara ya tatu, na huyu wa kwenye kiti akaingia nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayekimbilia gari na kulipata: "Moyo huu ni wa kwangu, sikuazima kwa mtu." Yote. Maneno manane. Hakuna basi hata moja.

"Rudia," dada alisema.

"Mama, siwezi kuirudisha, utepe..."

"Si kanda, mwanangu. Yeye."

Naye akarudia. Akimwangalia dada yangu usoni, na safari hii alikuwa na ule uso wa Jumapili wa kujifanya anasoma gazeti. Bisibisi aliinamia kompyuta yake kuhakikisha inarekodi, na aliinama kwa muda mrefu kuliko kompyuta ilivyohitaji. Nilipumua. Nadhani sikuwa nimepumua vizuri tangu siku ile umeme ulipokatika.

Picha nayo ikarudi karibu na mwisho, kinyozi akaona viatu vyangu vinavyompwaya Shemeji, akacheka mpaka akakaa.

Hukumu ya dada ilikuja pale pale: niishushe deki rafuni, niibebe kichwani mchana kweupe, mtaa wote unione, niirudishe sebuleni kwake mahali pake pa zamani, na niiombe radhi kwa sauti. Nilifanya hivyo. Fundi cherehani alitoka nje na futi yake shingoni akauliza nimefiwa na nani.

Bisibisi naye akakaa kwenye kompyuta siku mbili akiuhariri wimbo. Alipunguza mvumo, akaosha sauti, akaukata wimbo mstari mmoja mmoja, na baada ya kila mstari akaweka kimya. Si kimya cha kubahatisha. Alimsikiliza baba yake anavyohangaika kulifikia neno, akapima, akaweka kimya kinachomtosha yeye. Mama wa mazoezi alipousikia alimwomba nakala. Bisibisi alitaka pia kuukata ule mpira, lakini Shemeji alipiga meza, "Basi, basi!" na penalti ikabaki, mpira uko chini, mpigaji amerudi nyuma hatua nne, hajapiga mpaka leo.

Sasa hivi Shemeji anapitisha maneno mengine kwa njia ile ile. Akitaka chai, anaimba kwa sauti ya harusi, "Naomba chai ya moto," na dada anamletea hata kama amekasirika. Jina la binti yake amelisema. La vyeti, si lile langu, lakini sikuona wivu. Na juzi, hapa hapa nje ya chumba hiki, alisimama kwa miguu yake akauimba wimbo mzima beti zote saba, bila kusita, kwa sauti iliyotingisha mabati, watu wakajaa barabara yote mpaka magari yakasimama, wakawa kama mia tatu hivi, kinyozi akamwacha mteja na nusu ya kichwa, na mimi nikapanda juu ya kiti nikawaambia wale watu kwamba bila mimi hakuna ambacho kinge...

"Mjomba."

Kumbe amesimama nyuma yangu, hedifoni shingoni, anasoma kila neno.

"Beti saba? Wimbo una mistari miwili. Na alikaa, hakusimama. Na watu mia tatu ni akina nani? Tulikuwa mimi, mama na kinyozi."

"Na mimi je? Mimi nilikuwepo."

"Wewe ulikuwa ndani unatafuta kiti cha kupandia. Futa. Andika mistari miwili."

"Sawa, mama, naandika: mistari miwili. Lakini kwa sauti ambayo hata kule ng'ambo ya barabara..."

"Mjomba!"